Maneno ya Makumbusho na Haki ya Mwenye Kitu

Mkazi wa Dar es Salaam akitajiwa neno makumbusho, aghalabu jambo la kwanza limjialo akilini ni kituo cha mabasi. Kando ya barabara iendayo Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1966 Kijiji cha Makumbusho, mahali palipojengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya nchi. Mtaa ukachukua jina la kijiji, kituo kikachukua jina la mtaa, na kondakta alinadiye jina hilo tangu alfajiri hana haja ya kufikiri kwamba ndani yake limo tendo la kukumbuka. Kondakta hana kosa; maneno yote yatumikayo sana husuguka hivyo. Lakini wapo watu wasioweza kujipa ruhusa hiyo: waandikao sheria za kulinda vitu vya jadi, wafasirio hati za kuvirudisha kutoka ng'ambo, wafundishao historia, na wale waandikao kadi ndogo za maelezo zinazowekwa chini ya kila kitu ndani ya kabati la kioo. Kwa hao neno moja huweza kuamua kitu ni cha nani.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki baadhi ya maneno hayo. Istilahi za fizikia, za benki na za mahakama zimeshughulikiwa kwa miaka mingi na orodha zake zimechapishwa. Istilahi za makumbusho zimeachwa zijiokotee, pengine kwa kudhaniwa kwamba ni nyepesi, maana kila mtu anajua chungu ni nini na ngoma ni nini. Rai yetu ni kwamba mengi ya maneno yatumikayo sasa yalifasiriwa kutoka katika lugha ya waliovichukua vitu, na yalipokuja yalikuja na macho yao.

Tuanze na jina la nyumba yenyewe, ambalo kwa bahati njema ni jina zuri. Wazungu walilichukua neno lao kwa Wagiriki, ambao walimaanisha makao ya miungu wa kike wa sanaa na elimu. Waarabu husema mathaf, neno litokanalo na tuhfa, yaani tunu. Huko Bara Hindi, katika Kiurdu na Kihindi, huitwa ajaib ghar, nyumba ya maajabu. Na msomaji wa Unguja atatabasamu, kwa kuwa Beit al-Ajaib ya mji wake, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuja kufanywa makumbusho baada ya zaidi ya miaka mia moja, kabla ya sehemu yake kuporomoka mwezi Desemba 2020. Kiswahili hakikutaja miungu, wala tunu, wala maajabu. Kilichagua kitenzi, tena kitenzi cha kutendesha: kukumbusha.

Kitenzi hicho kina sharti lake. Huwezi kumkumbusha mtu jambo asilopata kulijua. Mgeni hukumbushwi kwake; mgeni huonyeshwa, huelezwa, hufahamishwa. Akumbushwaye ni mwenyeji, aliyekijua kitu au aliyesimuliwa na bibi yake, akakisahau au akasahaulishwa. Kwa hiyo neno makumbusho, likichukuliwa kwa uzito wake, linadai kwamba aingiaye mlangoni ni mwenye mali. Hapo ndipo tutakapopatumia kama kipimo katika makala yote: je, maneno yaliyoandikwa ndani ya nyumba hiyo yanazungumza na mwenye mali, au yanamzungumzia yeye mbele ya mtu mwingine?

Historia inatuonya tusijivune upesi. Makumbusho ya kwanza ya sehemu zetu yalikuwa makumbusho kweli, ila waliokumbukwa walikuwa wengine. Ile Beit el-Amani ya Unguja ilifunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1930 ikiwa na jina la Robert Coryndon, Gavana wa Kenya aliyefariki mwaka 1925, na haikuitwa Makumbusho ya Taifa mpaka baada ya uhuru, mwaka 1964. Ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Ndani ya majumba hayo kulikuwa na vyungu, mikuki na ngoma za wananchi, lakini juu ya mlango palikuwa na jina la mtawala. Wananchi nao hawakukosa jina lao. Huko Kampala, ambako makumbusho yalianza mwaka 1908, Waganda waliiita nyumba ile Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mapembe, wakikusudia pembe za uganga na mizimu zilizokuwa zimewekwa humo. Jina hilo hutajwa mara nyingi kwa kucheka, kana kwamba Waganda hawakuelewa shabaha ya makumbusho. Sisi tunaona walielewa vizuri kupita waliolisajili. Walitazama kilichomo ndani, wakakiita kwa jina lake.

Kuhusu mvutano wa makumbusho na makavazi tutasema machache tu. Nchini Kenya magazeti na vitabu vingi huandika Makavazi ya Kitaifa pale ambapo Mtanzania angeandika Makumbusho ya Taifa. Tanzania neno kavazi limeelekea kwenye hati na maandishi, kama katika Kavazi la Mwalimu Nyerere lililopo Dar es Salaam. Tofauti hii haina madhara sana katika mazungumzo, lakini katika mikataba ya Afrika Mashariki itazaa fujo siku moja, na ingefaa mabaraza ya pande zote yakubaliane: makumbusho iwe nyumba ya vitu, makavazi iwe nyumba ya hati. Neno turathi, ambalo Wakenya wanalitumia kwa ufasaha, tungelipokea sote bila kusita, tutalirudia.

Jambo zito zaidi ni neno kale. Sheria yetu ya mwaka 1964 inajulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Mambo ya Kale, na idara iliyoisimamia ikaitwa Idara ya Mambo ya Kale. Baadaye likaundwa neno malikale, likapewa heshima ya kuwa jina la sera ya mwaka 2008. Kwa upande wa uundaji wa maneno, malikale ni kazi safi: fupi, inatamkika, inaungana vizuri. Kasoro yake imo katika maana. Mali ni kitu kimilikiwacho na kiuzwacho. Kale ni wakati uliokwisha. Tukiunganisha viwili hivyo tumepata bidhaa ya wakati uliokwisha, ilhali lililokusudiwa ni kila kitu ambacho watu wamekirithi na wanaishi nacho, pamoja na ngoma inayochezwa Jumamosi ijayo.

Na hiyo kale inaishia lini? Sheria ile ya 1964 ilijibu kwa tarakimu. Jengo lilihesabiwa kuwa la kulindwa kama lilijengwa kabla ya mwaka 1886; kifaa kichukulikacho, kama kilitengenezwa kabla ya mwaka 1863; milango na miimo ya nakshi, kama ilichongwa kabla ya mwaka 1940. Waziri alipewa uwezo wa kutangaza vitu vingine, na sheria ilivitambua pia vifaa vya baadaye vilivyotengenezwa kwa shughuli za kijamii na kitamaduni, isipokuwa vilivyochongwa ili kuuzwa kwa wageni. Lakini mtu akiusoma huo mpaka wa 1886 hawezi kukosa kutambua kwamba ndio mwaka ambao Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana nchi hizi. Kwa kipimo hicho, kale yetu iliishia pale Mzungu alipoanza. Boma la Arusha, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 na ambalo leo ni makumbusho, haliingii katika kale. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 haviingii. Mtunga sheria alihitaji mwaka wa kuandika, hilo tunalielewa. Lakini neno la Kiswahili lingeweza kuupunguza ukali wa mpaka huo, nalo limeuzidisha.

Madhara yake yanaonekana katika kadi za maelezo. Mwandishi akiisha kuamini kwamba kila kilichomo kabatini ni cha kale, huandika kila kitenzi kwa wakati uliopita. "Wanawake walitumia kinu hiki kutwangia nafaka." Walitumia! Mwanafunzi aliyeisoma kadi hiyo amekiacha kinu nyumbani asubuhi, na mama yake pengine anatwanga saa ile ile. Kwa herufi mbili tu, l na i, familia yake imehamishiwa katika historia. Walimu wanaoandamana na wanafunzi wangefanya jambo la maana kama wangewaagiza wahesabu vitenzi vya namna hiyo na kuuliza kimoja kimoja: lini waliacha?

Rai yetu ni kwamba malikale libaki kwa magofu na vitu vilivyofukuliwa: Kilwa Kisiwani, Kaole, na mfano wa hayo. Kwa vitu na desturi zilizo hai tuseme turathi. Wengine wangependelea urithi, nalo ni neno la watu wote. Ila urithi katika sheria na katika dini humtaka marehemu kwanza, kisha mgawanyo, na hatupendi kuwaambia Wamakonde kwamba wamekwisha kufa na mali yao sasa yagawanywa.

Hapo tumefikia neno linalotupa taabu kubwa kuliko yote, nalo ni kinyago. Ukiingia katika soko la Mwenge, Dar es Salaam, vyote vilivyopangwa pale ni vinyago: simba wa mpingo, mzee mwenye kiko, mnara wa watu waliobebana uitwao ujamaa, na yale maumbo yaliyopindana ya mtindo wa shetani, ambao huhusishwa na mchongaji Samaki Likankoa katika miaka ya 1950. Ukiingia makumbusho, kitu cha kuvaa usoni au kichwani kinachotumika katika ngoma za jando nacho ni kinyago. Kamusi nazo zimeridhika kuwa neno hilo ni la sanamu na la kifuniko cha uso, vyote pamoja.

Vitu hivi viwili havina undugu ila mikono ya mchongaji. Kinyago cha Mwenge ni cha mpingo, kizito, cha kusimamishwa mezani, na kilizaliwa kikitafuta mnunuzi. Kile cha Wamakonde kiitwacho lipiko, na kwa wingi mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu kuna kichwa cha mtu kitakachokibeba na kucheza nacho. Huvaliwa kichwa kizima. Hutoka vijana watokapo jandoni. Kwa desturi, wanawake na watoto wasiopita jandoni hawakupaswa kujua kwamba ndani yake yumo mtu wa kijiji chao; kwao aliyekuja kucheza ni mzimu. Kitu cha namna hiyo kina siri, kina wenye haki ya kukigusa na wasio nayo. Ukikiandikia kadi isemayo "Kinyago, Wamakonde, mti", umesema kweli tupu na hukusema kitu.

Msomaji ataona dalili ya maana kongwe ya neno hili katika methali tuliyoizoea, kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo haielekei kwa simba wa mezani. Inamaanisha kitu kilichokusudiwa kutisha, chenye nguvu kwa asiyejua kilivyotengenezwa. Biashara ya utalii ndiyo iliyokipoza kinyago hata kikawa pambo, na watu wa makumbusho wakakipokea kikiwa kimekwisha kupoa. Wapo waliojaribu kukimbilia barakoa. Neno hilo lilikuwa na adabu yake zamani, kwa kuwa lilitaja kifuniko cha uso cha mabibi wa pwani na Uarabuni; lakini tangu mwaka 2020 na ugonjwa wa korona hakuna alisikiaye asiyeona kitambaa cha hospitali chenye kamba za masikioni. Lipiko kuitwa barakoa sasa ni mzaha.

Basi tuseme nini? Tuseme lipiko. Kiswahili hakikupungukiwa kitu kilipopokea ngoma za watu pamoja na majina yao, wala hakuna Mswahili aliyedai tafsiri ya sindimba. Jina la mwenye kitu liwe la kwanza katika kadi, kwa herufi kubwa. Kisha, chini yake, maelezo kwa Kiswahili sanifu: huvaliwa na nani, hutoka lini, nani hakiruhusiwi. Kinyago libaki kuwa neno la jumla katika faharasa, kwa ajili ya mtafutaji. Tunajua pingamizi litakalotolewa, kwamba lugha ya taifa itajaa maneno ya makabila hata isieleweke. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu katika hotuba au katika gazeti. Katika nyumba iliyojengwa ili watu wakumbushwe vitu vyao, halina nguvu.

Sasa tuendelee na vitenzi, maana huko ndiko haki inakopotelea kwa ukimya zaidi. Kitenzi kipendwacho sana ni kukusanya: "Kilikusanywa mwaka fulani." Tunakusanya kuni, tunakusanya kodi, tunakusanya maoni. Kitenzi hiki, kikiwekwa katika kauli ya kutendwa bila mtenda, hufunika kila namna ya kupata. Na Kiswahili si maskini wa vitenzi vya kupata: kuna kununua, kupewa, kuokota, kuazima, kutwaa, kuteka, kupora, kunyang'anya, kuiba. Kila kimoja kina uzito wake mahakamani na barazani. Ngoma kubwa ya Wapokomo wa Mto Tana iitwayo ngadji ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingizwa katika British Museum ya London, ambako imekaa ghalani kwa zaidi ya miaka mia moja. Mfasiri atakayeandika kwamba ngadji "ilikusanywa" hatakuwa amekosea sarufi. Atakuwa amewasaidia waliomiliki ghala.

Mfano wa pili ni wa kwetu kabisa, na unafaa kufikiriwa kwa utulivu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliibwa vitu kadhaa, kimojawapo kikiwa kinyago cha kuvaa cha Wamakonde. Kitu hicho kilionekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, kikatambuliwa mwaka 1990, na majadiliano yakaendelea takriban miaka 20. Mwezi Mei 2010, kwa usaidizi wa shirika la kimataifa la makumbusho, pande mbili zilitia saini mkataba na kitu kikarudi nyumbani. Ila mkataba wenyewe ulikitaja kitendo hicho kuwa ni kutoa kwa hiari, kutunukia. Wanasheria wanajua kwa nini: mwenye kukubali kwamba anarudisha amekubali kwamba hakikuwa chake, na mwenye kutoa zawadi hakukubali lolote. Pengine bila maneno hayo kitu kisingerudi. Wapatanishi walikuwa na haki ya kupima.

Lakini jambo hilo lilipoingia katika Kiswahili lingeweza kupita katika milango mitatu. Ya kwanza ni kutunukia, ambayo ndiyo tafsiri aminifu, na ambayo humfanya aliyeibiwa ashukuru. Ya pili ni kukabidhi, kitenzi kipendwacho na waandishi wa habari kuliko vyote. Viongozi hukabidhi madawati, hukabidhi hundi, hukabidhi vinyago, wala hakuna ajuaye kitu kilikuwa cha nani dakika moja kabla ya kupeana mikono. Ya tatu ni kurudisha. Mfasiri wa mkataba hana hiari. Yampasa kuandika kutunukia, kwa kuwa ndivyo pande zilivyokubaliana, na kuubadilisha mkataba katika tafsiri ni udanganyifu hata kama nia ni njema. Mwandishi wa kadi, mwalimu na mtangazaji hawakufungwa na saini hiyo. Kwao kitu kilichoibwa Dar es Salaam na kikaja tena Dar es Salaam kimerudishwa. Tungependa tofauti hii ifundishwe vyuoni: kwamba uaminifu wa mfasiri kwa hati ni jambo moja, na lugha ya nchi kuisimulia habari yake yenyewe ni jambo jingine.

Kati ya kurudisha na kurejesha hatuoni sababu ya kupigana. Baadhi ya wataalamu wangependa kimoja kiwe cha kitu na kingine cha hadhi au haki. Likikubaliwa, ni vyema. Lisipokubaliwa, hakuna kitakachoharibika.

Neno mabaki lahitaji uangalifu mwingine. Tumelizoea katika mabaki ya chakula na mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani, kisha tukalipandisha cheo liwe istilahi ya vitu vyote vifukuliwavyo, na mwisho likawafikia binadamu. Kwa visukuku, neno jingine lililoundwa vizuri, mabaki hayana ubaya. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyefukuliwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimama Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, hatakasirika akiitwa mabaki, ingawa anayo sababu ya kukasirika kwa kuitwa mjusi. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, nalo liko mbali nasi kiasi cha kutoleta simanzi.

Mtwa Mkwawa si wa namna hiyo. Alijiua mwaka 1898 ili asishikwe hai. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi 6. Miezi hiyo iligeuka miaka. Fuvu lililetwa na Gavana Edward Twining mwaka 1954, na liko Kalenga, karibu na Iringa. Wahehe hawakupokea mabaki. Walimpokea Mtwa. Huko Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, alikokwenda Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, jamaa za mashujaa walionyongwa mwaka 1906 wanaitaka habari ya kichwa cha Nduna Songea Mbano. Hati zitaandikwa katika jambo hili na mengine ya aina yake, kwani mafuvu mengi ya watu wa sehemu zetu yangali Ulaya, na hati hizo zitafasiriwa na watu wasomao jarida hili. Katoliki wana neno masalia, walitumialo kwa mifupa ya watakatifu wao, na hakuna anayelisikia akafikiria makombo. Tunapendekeza masalia ya marehemu iwe istilahi ya kisheria, na popote jina lijulikanapo, jina litajwe: fuvu la Mkwawa, kichwa cha Songea Mbano.

Limebaki neno kuhifadhi, ambalo kila mtu huliona jema na ambalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya humsimamishia mkubwa wa chama cha Gohu, baada ya kufa kwake, gogo lililochongwa kwa nakshi, nalo huitwa kigango. (Msomaji Mkatoliki wa Tanzania asije akachanganyikiwa: kigango hiki hakina padri.) Kigango kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Watu wakihama, kinaachwa mahali pake. Mvua na mchwa hufanya kazi yao, na hayo yote yamo ndani ya utaratibu. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia Marekani, ambako viliwekwa ndani ya vyumba vikavu vyenye joto la kupimwa, mchwa wasivifikie. Kadi zake zikaviita sanamu za Kiafrika. Mwaka 2007 kimoja kilichokuwa Illinois kilirudishwa kwa jamaa za mwenyewe. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha vigango 30, na vilifika Kenya mwaka 2019.

Ukizisoma habari za vitu hivi utaona kwamba kote vilihifadhiwa. Aliyevinunua alivihifadhi, makumbusho yaliyovipokea yalivihifadhi, na vilipofika Nairobi ikasemwa tena kwamba vitahifadhiwa. Kwa mzee wa Kaya, aliyekiacha kigango kwa mchwa kwa makusudi, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekihifadhi, wote walikizuia. Kuhifadhi kwa Kiswahili ni pia kushika moyoni, kama mtu ahifadhivyo Kurani, na kwa maana hiyo kigango kilichooza mahali pake kimehifadhiwa kuliko kile cha Denver. Kamati ya istilahi itakayokaa kulijadili neno hili, pamoja na wataalamu wa lugha na maofisa wa makumbusho, imwite mzee huyo akae nao mezani, na imwite mchongaji wa mapiko kutoka Newala. Na kadi za maelezo zilizopo sasa makabatini ziletwe mbele yao, zisomwe kwa sauti moja baada ya nyingine.